Friji la Jirani

Mashine namba saba ilikuwa ikitema misumari kama kawaida yake, na Mama Pacha, aliyeihudumia miaka kumi na moja, alikuwa ameziba masikio kwa vitambaa alivyochana kwenye shuka kuukuu. Vifuniko vya masikio vilikuwepo, tena vipya, ila makao yake yalikuwa kabatini kwa msimamizi, vikingoja siku ya wakaguzi.

Leo ilikuwa zamu yake ya kupimwa. Asiyesikia vizuri mkataba haurudi, na mkataba ukienda, mapacha wake wawili shule wataisikia redioni.

"Usitegemee masikio!" shoga yake wa mashine namba nane alimpigia kelele. "Mtazame nesi bega. Likicheza, ujue kabonyeza kitufe cha mlio. Nyoosha mkono!"

"Eti?"

"BEGA!"

Ah, wasiwasi wa nini? Masikio yake mazima. Kilichomkondesha ni friji la jirani, lililovuma ukutani usiku kucha, viiiii, kama mbu asiyejua kuaga. Alfajiri ile uvumilivu ulimwisha, akaenda kugonga mlango.

"Jirani, nionee huruma. Kimya cha dakika tano tu, nilale."

"Mama Pacha, friji limekufa tangu juzi. Njoo ulishike."

Hakwenda kulishika. Uongo wa mchana kweupe anaujua. Aliondoka akisonya.

Nesi wa safari hii alikuwa mgeni, mama wa makamo, mpole. Alimkalisha kwenye chumba kidogo kama kabati, kuta zote sponji, akamvisha visikizio, kisha akavuta pazia kwenye kioo kilichowatenganisha. Mama Pacha alichungulia pembeni mwa pazia, hakuona kitu. Bega limeshakwenda na maji.

Mlango ukafungwa. Mashine zikapotea. Zikapotea na redio za wapangaji, na watoto, na matusi ya msimamizi. Jamani, kumbe kuna mahali hivi! Alifumba macho akashusha pumzi.

Viiiii.

Huo hapo mlio! Akanyoosha mkono haraka, akitabasamu. Nani kasema yeye kiziwi? Mlio haukukatika, naye hakushusha mkono, mpaka bega likaanza kumuuma. Mlango ukafunguliwa.

"Pumzisha mkono, mama. Sijabonyeza kitu bado."

"Kinalia, nesi. Hicho hapo."

"Hakuna kinacholia humu. Mlio huo umeanza kuusikia lini?"

Mama Pacha alitaka kujibu, mara likamjia lile friji, limekufa tangu juzi. Machozi yakamtoka mbele ya mgeni. Walipomaliza kupima, kati ya milio ishirini alikuwa amepata sita.

Msimamizi alikuwa akingoja mezani, fomu ameshaijaza. *Chanzo cha maradhi: nyumbani.*

"Tia sahihi hapo, mama, tusicheleweshane. Nitakupa barua nzuri ya kuombea kazi kwingine."

Nesi alitazama sakafu. Mama Pacha alishika kalamu. Mkataba umeshakwenda, amwogope nani tena? Akaikata *nyumbani* kwa mstari, akaandika juu yake kwa herufi kubwa: MASHINE NAMBA SABA. Akatia sahihi, akamsogezea nesi karatasi agonge muhuri.

"We mama, una wazimu? Nesi, usigonge hiyo!"

Mama Pacha alimsikia vizuri sana. Akatoa vile vitambaa viwili mfukoni, akavipachika masikioni taratibu, kimoja kimoja.

"Sema kwa nguvu, bosi. Sisikii."

Nesi alimtazama, akamtazama msimamizi, kisha akaugonga muhuri kwa nguvu mpaka meza ikatikisika.

Jua likiwa bado juu, Mama Pacha alisimama mlangoni kwa jirani, sare ya kazi ingali mwilini.

"Jirani, nimekuja kulishika lile friji."

Jirani alimpisha. Mama Pacha aliweka kiganja ubavuni mwa friji. Halikutetema hata kidogo. Kichwani viiiii haikukoma, lakini mkono ulikuwa umekipata kimya, naye hakuuondoa haraka.