Mbegu Kumi na Moja za Chenza

Je, wewe umewahi kufua shuka za kitanda usichowahi kukilalia? Mimi nimezifua miaka thelathini na mmoja. Kila Jumanne meli za watalii zilitia nanga mbele ya mji wetu wa Villamil, vijana wakaniletea magunia ya shuka mpaka mlangoni. Nikazifua, nikazianika kwenye kamba, nikazipiga pasi, nikazikunja pembe nne zikutane sawasawa. Kwa shuka tu nilijua mgeni yupi amejipaka mafuta ya jua akalala bila kuoga. Lakini meli zenyewe nilizijua kwa nje, kama unavyolijua jengo la benki.

Basi mwezi wa Agosti mjukuu wangu Yomaira aliponiambia kuna chumba kimoja kitupu kwenye meli anayofanyia kazi, safari ya siku nne, kuzunguka upande wa magharibi wa kisiwa chetu cha Isabela hadi Fernandina na kurudi, swali langu la kwanza lilikuwa siku hizi shuka zao anafua nani. Akacheka, akaniambia nifunge mzigo.

Yomaira ni mtoto wa binti yangu. Nimemlea mimi tangu ana miaka mitatu, mama yake alipokwenda Guayaquil, huko bara, kutafuta kazi akapata na mume hukohuko. Amesomea kuongoza wageni, amefanya mtihani wa hifadhi, na safari hii ndiyo ya kwanza kuongoza peke yake. Mwongozaji mzee, don Abdón kama tunavyomwita kwa heshima, alikuwepo, ila kazi yake ilikuwa kukaa kimya, kumtazama na kuandika ripoti.

Sasa nikwambie jambo nililopanda nalo melini, maana Yomaira hakulijua. Baba yangu alikuwa mvuvi wa chewa. Alikwenda Fernandina wiki tatu tatu, akiwapasua na kuwatia chumvi juu ya yale mawe meusi yaliyomwagwa na mlima wa volkano, ng'onda za kupelekwa bara kwa ajili ya supu ya Kwaresima. Akirudi ananikalisha gotini, ndevu zimekakamaa kwa chumvi, ananisimulia habari za mnandi wa kule, ndege mwenye mabawa mafupi kama matambara, asiyeweza kuruka, na wala hana habari kwamba ndege huruka. Alikuwa akimwigiza kwa viwiko vyake. Nilikuwa na miaka saba. Nilimwomba anipeleke, akasema ukikua. Nilipokua, sheria zilikuwa zimebadilika, kambi za wavuvi zimeondolewa, na baba amezeeka. Sikumwambia mtu tena. Mimi ni mwanamke wa kusema "chochote kilichopo". Hata hivyo nilikuwa nimeshaamua moyoni: safari hii mguu wangu ukanyage Fernandina, nimwone mnandi amesimama mbele yangu.

Siku mbili za kwanza zilipita vizuri. Tuliona kobe, tukaona simba-bahari wamelala ufukweni kama walevi wa Jumapili. Shuka za chumbani kwangu zilikuwa zimepigwa pasi ovyo, nilizikunja upya.

Jioni ya pili, baada ya chakula, Yomaira alisimama mbele ya wageni kwa sare yake nyeupe akaeleza habari za kesho. Alisema Fernandina haijawahi kuingiwa na panya, paka wala mbuzi, na haina mmea ulioletwa na mtu makusudi, na yeye hataki kuwa wa kwanza kuuleta. Akasimulia jinsi mpera ulivyokula vilima vya Isabela, mti uliofika ndani ya mifuko ya watu wema tu waliotaka tunda. Nikatazama sahani yangu. Mama yangu alikuwa mmoja wa watu hao wema. Mwisho akatoa amri yake: atakayekutwa na mbegu tukishakuwa majini, atabaki ndani ya boti, awe mgeni, awe nahodha. Alisema kwa tabasamu, na watu wakapiga makofi.

Asubuhi tulipewa kahawa, mabonge ya ndizi mbichi yenye jibini, na machenza kutoka bara. Machenza yale yalikuwa matamu ajabu. Sasa, sisi tuliokulia Isabela enzi ambazo meli ya mizigo inakuja ikijisikia, mbegu ya tunda tamu haitupwi. Mkono wenyewe unafanya. Nilizitema, nikazifuta, nikazihesabu kumi na moja, nikazifunga kwenye kitambaa cha karatasi, nikakitia mfukoni mwa sweta, na zikanitoka akilini kama vile umetundika ufunguo ukutani. Tukaosha viatu, tukapangusa soli kwa brashi, tukapekua mikoba. Yomaira aliniuliza kama alivyowauliza wengine. Nikasema niko safi, na niliamini ninachosema.

Tulikuwa kumi ndani ya boti la mpira. Kulikuwa na manyunyu, mawimbi yakaturushia maji usoni, miwani yangu ikalowa. Nikatoa kitambaa mfukoni niifute. Mbegu zikadondoka na kutawanyika miguuni mwa watu.

Kulikuwa na bwana mmoja wa Quito mwenye kamera ndefu kama mkono wangu. Alisogeza kiatu akazifunika, akaniambia kwa kunong'ona kwamba wao hawakuona kitu. Wengine wakacheka. Yomaira akamwambia dereva azime injini.

"Bibi, zilikuwa ngapi?"

"Kumi na moja," nikasema. Alijua kwamba mimi huhesabu.

Akawaamuru watu wainue miguu mmoja mmoja. Zikapatikana kumi. Tukatafuta ya kumi na moja kwenye soksi, kwenye mikoba, chini ya maboya, boti likiyumba na saa zetu za kushuka zikienda, maana kila meli hupewa saa zake, zikiisha zimeisha. Bwana wa Quito akaanza kulalamika kwamba mbegu moja tu, juu ya jiwe, itaota nini. Yomaira akamjibu kwa upole kwamba na mpera ulisemwa hivyohivyo. Halafu akageukia nyuma ya boti.

"Don Abdón, naomba upindo wa suruali yako."

Watu wakacheka tena. Mzee hakucheka. "Binti, mimi nimeshuka kisiwa hiki kabla hujazaliwa."

"Ndiyo, don Abdón. Naomba upindo."

Akainama polepole, akaukunjua upindo wa mguu wa kushoto, kisha wa kulia. Ya kumi na moja ilikuwa humo.

Yomaira akaitia pamoja na wenzake kwenye kimfuko, akakifunga mafundo mawili. Kisha akasema, kwa sauti ileile anayotangazia saa za chai, "Bibi, wewe utabaki kwenye boti. Na don Abdón pia atabaki." Sauti ilikuwa shwari, ila masikio yake yalikuwa mekundu, na masikio hayo nayajua mimi.

Boti likasogea mpaka jiweni. Pale palikuwa karibu kama kutoka mlangoni kwangu hadi kwenye tangi la maji. Niliona mijusi weusi wa baharini wamerundikana, mmoja juu ya mwingine, wakipiga chafya za chumvi. Yomaira akawashika wageni kifundo cha mkono, akawapandisha mmoja mmoja. Mguu wangu ukabaki ndani. Ningeweza kumwita nikamwambia kwamba babu wa mama yake alikaushia chewa juu ya mawe haya, kwamba nimengoja tangu utotoni. Niliogopa kwamba angenisikiliza. Kwa hiyo nilinyamaza, nikautazama mgongo wake ukipanda mawe bila kugeuka hata mara moja, na kabla sijajua nikakuta na wangu umenyooka.

Dereva alijifanya ana kazi kwenye injini. Don Abdón akanung'unika kwamba katika miaka ishirini na minane hajawahi kuachwa ndani ya boti.

"Ni vizuri umeanza kabla hujazeeka," nikamwambia.

Hapo akacheka, akafuta macho kwa kofia. Akasema yeye ndiye aliyemfundisha msichana huyu.

"Umemfundisha majina ya ndege, don Abdón. Ukali huo umetoka nyumbani kwangu."

Akatoa daftari lake la ripoti, akaandika. Nilimwambia aandike kwa herufi kubwa, kwa sababu watu wa ofisini nao wana macho mabovu. Akaniandikia kwa herufi kubwa kweli: ANAWEZA.

Wageni walirudi baada ya saa mbili, wamelowa na wana furaha. Walikuwa wamewaona minandi watatu, na bwana wa Quito akanionyesha picha zao ndani ya kamera. Nilitazama kwa adabu. Walikuwa wadogo kama kunguni.

Baada ya chakula cha mchana, meli ikiwa imeshang'oa nanga, Yomaira alikuja chumbani kwangu akasimama mlangoni. Niliona anatafuta maneno ya kuniomba radhi, nikamkataza. Nilimwambia angeniruhusu kushuka, leo ningeona aibu kuketi naye mezani. Akaingia, akakaa kitandani. Akasema don Abdón amemweleza kwamba muda wote ule nilikuwa natazama mahali pamoja tu, kwenye mawe ya ukingoni. Nilikuwa natafuta nini?

Nikaanza kusema hakuna, chochote kilichopo.

"Bibi, kazi yangu ni kungoja wanyama watoke," akasema. "Naweza kukaa hapa mpaka Villamil."

Na kweli alikaa. Alivua viatu, akaegemea ukuta, akangoja. Mimi nikakunja pembe ya shuka, nikaikunjua, nikaikunja tena.

"Nataka kushuka Fernandina," nikasema. "Nimetaka tangu nina miaka saba. Nataka kusimama alipokuwa anasimama baba, nimwone mnandi kwa macho yangu. Na sitaki kupelekwa na mtu mwingine. Nataka unipeleke wewe, na unipekue kuliko wote."