Kadi za Sabato

Rabi Lasker alitangaza mwenyewe, Ijumaa mchana, na ujumbe wake ukafika kwenye simu za waumini wake wa Hollin Hill: waya umekatika, Sabato hii hakuna kubeba kitu nje ya nyumba. Gila Perlow aliusoma akiwa jikoni, mikono imejaa unga wa mkate wa Sabato. Akamtazama mwanawe Yoni aliyekuwa anatambaa chini ya meza.

"Basi kesho tumefungiwa ndani mimi na wewe," akamwambia.

Waya wenyewe mwembamba, umezungushwa mtaa mzima juu ya nguzo, na nusu ya wakazi wa kaskazini mwa London hawajui hata kama upo. Ukiwa mzima, mtaa wote unahesabiwa ua wa nyumba moja, na mama anasukuma kigari cha mtoto wake mpaka sinagogi bila wasiwasi. Ukikatika, siku ya Sabato hubebi hata leso. Mtoto asiyejua kutembea anabaki nyumbani, na anayemnyonyesha anabaki naye. Gila alilelewa hivyo na hakuwa na ugomvi na sheria hiyo.

Safari hii lori la ujenzi ndilo lililoangusha nguzo. Kila mtu alidhani ni kazi ya siku mbili. Kumbe manispaa ikasema nguzo mpya inahitaji kibali, kisha wakajitokeza watu kupinga kibali, eti nguzo inaharibu mandhari. Nguzo nyembamba kama mti wa kuanikia nguo! Mandhari gani, ya kituo cha mafuta? Wiki zikapita, majani yakapukutika yote, na waya ukawa bado chini.

Na mume, Raphael, hakuwa wa kusaidia. Wakati wa Sikukuu ya Vibanda alipanda ngazi kuezeka matawi juu ya kibanda chao nyuma ya nyumba, akajitia fundi, akaanguka, mguu ukavunjika mahali pawili. Mtu ambaye kazi yake ni kurekebisha piano! Sasa alikuwa amelala kwenye kochi, mguu umefungwa plasta umewekwa juu ya mito, hawezi hata kumwinua mtoto.

"Nenda na Talya peke yenu," alimwambia mkewe Sabato ya kwanza, binti yao akiwa ameshavaa viatu. "Mimi nitamwangalia Yoni."

"Utamwangalia, ndiyo. Kwa macho. Akiparamia jiko utamwimbia?"



Yote haya yangekuwa usumbufu tu wa kawaida, kama si habari ya shule. Talya alikuwa ametimiza miaka minne. Dirisha la chumba chake lilitazama uwanja wa Shule ya Msingi ya Beit Arava, na kila asubuhi alisimama hapo akiwasalimia kuku wa shule kwa majina yao. Alishajua wimbo wa mstarini kabla hata ya kuandikishwa. Akikosa hapo, shule nyingine ya Kiyahudi ilikuwa ng'ambo ya jiji, na iliyo jirani ilikuwa ile ambako angekuwa mtoto pekee wa Kiyahudi, wa kukataa keki za wenzake zisizo halali kwao na kutoroka mapema Ijumaa za baridi kabla Sabato haijaingia. Gila alisoma shule ya namna hiyo. Alikuwa bado anakumbuka alivyokula peke yake.

Beit Arava waombaji ni wengi kuliko viti, kwa hiyo shule inatanguliza familia zinazokwenda sinagogi. Inatazama miezi ya vuli, basi. Na kwa kuwa siku ya Sabato hairuhusiwi kuandika kitu, mlangoni pa sinagogi huwekwa meza yenye kadi za majina ya watoto, zilizoandaliwa mapema. Unaingia, unachukua kadi ya mwanao, unaitumbukiza kwenye sanduku. Mwisho wa vuli kadi zinahesabiwa na rabi anatia saini kwamba familia fulani ni ya wahudhuriaji. Asiye na kadi za kutosha, kwaheri.

Jumatatu moja Gila alikutana na Jocelyn Kestenbaum kwenye duka la mikate. Jocelyn alikuwa jirani wa mtaa wa pili, mama wa Zak, mcheshi, mkavu wa macho. Kabla ya vuli hiyo sinagogi alikuwa anaijua kwa harusi yake tu.

"Gila shoga yangu, mbona siku hizi hatukuoni? Kadi za Talya zinajaa vumbi pale mezani!"

"Waya umekatika, Jocelyn. Nina mtoto wa kigari."

"Waya upi?"

Gila akamtazama aone kama anatania. Hatanii. "Nyie mnakujaje na yule mtoto wenu mdogo?"

"Kwa gari, sisi," Jocelyn akasema, akainamisha sauti kidogo. "Tunaegesha nyuma ya duka la maua, tunamalizia kwa miguu. Wote tunaegesha pale, Sabato iliyopita nilikosa hata nafasi! Na wewe fanya hivyo, mpenzi, acha kujitesa. Mpaka katikati ya Desemba tu, halafu kila mtu anarudi kulala."

Loo! Damu ilimchemka Gila mpaka masikio yakawaka. Mtu anaivunja Sabato kwa magurudumu manne, anaitwa mcha Mungu na sanduku. Yeye anayeishika, mtoto kapakata, amefungiwa ndani na mume mwenye plasta, anaitwa mtoro! Aliacha mikate juu ya kaunta akatoka. Nusu njia akarudi kuichukua, maana watoto wangekula nini, na hilo nalo likamkasirisha.

Alikwenda moja kwa moja kwa rabi. Rabi Lasker alimkaribisha vizuri, akamsikiliza, akakuna ndevu.

"Nakuelewa kabisa, Bi Perlow. Uchungu wako naujua. Lakini kanuni si zangu, ni za shule. Mimi natia saini kilichomo sandukuni."

"Rabi, ni wewe uliyetuambia tusitoke!"

"Na nilisema kweli. Sheria ni sheria."

"Sasa tukitii tunaadhibiwa?"

"Ongea na Bwana Lubliner," akasema rabi, macho yakienda dirishani.

Bwana Sefton Lubliner alikuwa mwenyekiti wa bodi ya shule, mtu wa tai hata Jumapili, na sauti ya kumpoza mtu kama mgonjwa. "Mama, shule haijui mambo ya waya. Shule inapokea saini ya rabi. Mwenye kauli ni rabi."

"Rabi anasema mwenye kauli ni wewe."

"Basi kuna kutoelewana kidogo hapo," akasema Bwana Lubliner, akamfungulia mlango.

Kutoelewana! Walikuwa wanaelewana vizuri sana. Walimpiga danadana kama mpira, huyu anampa yule, yule anamrudisha huyu, na hakuna aliyechafua mikono. Gila alirudi nyumbani akamwaga yote kwa Raphael huku akiosha vyombo kwa nguvu hata sahani moja ikapasuka.

"Kwa nini usiegeshe tu nyuma ya duka la maua?" Raphael akasema polepole. "Sikuambii ufanye. Nauliza."

Gila akaacha kuosha. "Ili Talya afundishwe Sabato, niivunje Sabato? Nitamwambia nini siku akijifunza darasani kwamba haifai, na anakumbuka alivyofikishwa hapo?"

Desemba ikafika katikati, kadi zikahesabiwa, sanduku likafungwa. Na wiki mbili baadaye, jamani, kibali kikatoka. Nguzo ikasimamishwa Alhamisi, Ijumaa rabi akatangaza kwamba waya ni mzima. Fomu za shule zilikuwa zinatakiwa wiki inayofuata.

Sabato hiyo Gila alimvisha Talya gauni la buluu, akamlaza Yoni kwenye kigari, na Raphael, aliyekwisha kutolewa plasta, akajikokota kwa magongo. Walichelewa. Gila alishajiandaa kusukumana mlangoni. Wakakuta mlango wazi na hakuna mtu. Meza ya kadi imeondolewa.

"Mama, kadi yangu iko wapi?" Talya akauliza. "Na Zak yuko wapi? Watu wako wapi?"

Kabla hajajibiwa, Rabi Lasker akatoka ndani mbio mbio, uso umemng'aa. "Raphael! Mungu akubariki! Tuko tisa tu tangu asubuhi, tumekaa tunatazama mlango. Wewe ndiye wa kumi!"

Bila wanaume kumi, Torati haisomwi. Viti vyote vile vilivyojaa vuli nzima, na sasa rabi alikuwa anamwombea dua kilema wa magongo apande ngazi. Raphael akaingia. Gila akapita upande wa wanawake, nyuma ya pazia, ambako palikuwa na bibi mmoja amesinzia. Sasa wao ndio wa kumi! Sandukuni hawakuonekana, ila wakihitajika wanaonekana!

Alivumilia sala za mwanzo. Wakafungua kabati takatifu, gombo la Torati likatolewa, likabebwa mpaka mezani, likafunuliwa. Hapo uzalendo ukamshinda. Alimpakata Yoni, akalisogeza pazia, akasimama mbele ya wanaume wote.

"Naizuia Torati," akasema.

Bwana Lubliner, aliyekaa mstari wa mbele, akageuka. "Huyu mama anaumwa?"

"Haumwi," akasema Mzee Adelman kutoka kiti chake cha kona. "Ni desturi. Aliyedhulumiwa anasimama, usomaji unangoja mpaka asikilizwe. Mara ya mwisho kuiona nilikuwa mtoto, Hungary."

"Bibi yangu alinisimulia," Gila akasema. "Watu wa kwao walizuia kwa sababu ya mchinjaji aliyewapunja yatima."

"Ni desturi ya zamani sana, Bi Perlow," rabi akasema. "Siku hizi…"

"Imefutwa?"

Rabi akatikisa kichwa. "Haijafutwa."

Bwana Lubliner akasimama, akavuta koti lake. "Mimi sikai kusikiliza vioja."

"Ukitoka tunabaki tisa, Sefton," Mzee Adelman akamwambia. "Na mimi sijatembea na goti hili kuja kutazama gombo limefunuliwa bure. Kaa."

Bwana Lubliner akakaa.

"Nilikwenda kwa rabi, akasema kanuni ni za shule," Gila akaanza. "Nikaenda shuleni, nikaambiwa mwenye kauli ni rabi. Leo mko chumba kimoja na hakuna wa kutoka. Haya. Kanuni ni za nani?"

Wakatazamana. Gila akamgeukia rabi.

"Rabi, uliniambia nikae ndani, nikakaa. Tirza wa nyumba ya kona ana mapacha, akakaa. Devorah akakaa. Waliokuja kwa magari mkawahesabu. Tazama viti! Wako wapi wacha Mungu wenu? Mwanangu anawajua kuku wa shule ile kwa majina, anakwenda kuikosa kwa sababu mama yake alikusikiliza wewe! Kama ni hivyo, ungetuambia mapema kwamba sheria ni ya wajinga!"

Yoni akaanza kulia. Gila akamhamishia bega jingine wala hakusogea.

Rabi Lasker alikuwa ameshika ukingo wa meza. "Ni mimi niliyewaambia wasitoke," akasema, kama anajiambia mwenyewe. "Nikaja nikahesabu kadi." Akamgeukia Lubliner. "Nitaandika kwamba walizuiwa na mimi, na kwamba wahesabiwe sawasawa na waliokuja. Utapokea?"

"Wengine watalalamika."

"Waje walalamike hapa," Gila akasema. "Sabato ijayo. Kwa miguu."

Mzee Adelman akacheka mpaka akakohoa. Bwana Lubliner akalegeza tai yake. "Rabi akitia saini, nitapokea," akasema bila kumtazama mtu.

"Basi someni."

Akarudi nyuma ya pazia, akakaa akamnyonyesha mtoto. Talya akamsogelea, akamnong'oneza, "Mama, umewafokea?" Gila akajibu, "Ndiyo."

Mchana huo hakupumzika. Alisukuma kigari nyumba hadi nyumba, akigonga milango. Nyota tatu zilipoonekana na Sabato ikaisha, alikuwa amesimama mlangoni kwa rabi na fomu mkononi.

"Bi Perlow, hata mshumaa wa kuagia Sabato haujapoa."

"Umepoa. Kalamu hii hapa."

Rabi akaweka fomu ukutani, akaandika maneno yake yote, akatia saini. Akapuliza wino, akamrudishia, akataka kuifunika kalamu.

"Usiifunike bado, Rabi," Gila akasema, akasogea pembeni.

Nyuma yake, kuanzia getini mpaka taa ya barabara, akina mama walikuwa wamepanga foleni na vigari vyao, fomu mikononi.