Kinachogonga Ndani ya Katoni

Mtoto wetu Gasaro ndiye aliyetuharibia wiki. Alikuwa akipangusa vumbi juu ya kabati, akaishusha ile katoni ya lori la kuchezea na kuitikisa karibu na sikio.

"Maman, kuna kitu kinagonga."

Mume wangu, Kamali, aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Weka chini! Usiitikise tena!"

Lori hilo la bati aliachiwa na baba yake mdogo, dereva, ambaye naye alipewa na tajiri wake aliyerudi Ulaya. Halijafunguliwa hata mara moja. Picha ya lori, jekundu, iko juu ya mfuniko, na utepe wa kiwandani bado umeshika pande zote. Mimi sikuona maana ya kuweka kichezeo juu ya kabati wakati mtoto anacheza na vizibo vya chupa. Lakini mashine ya Kamali ya kuchomelea iliungua, karakana ikafungwa, na mzee mmoja wa Bukavu, ng'ambo ya mpaka, Bahizire, anayekusanya vitu vya namna hiyo, akakubali kulinunua. Sharti lilikuwa moja: lisiwe limefunguliwa. Kamali akamjibu kwenye simu, "Lori ni zima kabisa."

Sasa kulikuwa na kitu kinagonga.

"Ulijuaje kwamba ni zima?" nilimuuliza.

"Halijafunguliwa."

"Hilo si jibu. Yai viza nalo halijafunguliwa."

Tangu hapo hakutulia. Anaiteremsha katoni, anailaza upande, anaiinua polepole. Tok. Anairudisha. Anatoka uani, anarudi, anaiteremsha tena. Nami nikawa naisikia ile tok nikiwa jikoni, hata katoni ikiwa imetulia mahali pake.

"Zulaikha, sikiliza," akasema. "Yule mzee hafungui. Bantu ba namna ile hawafunguaka. Ataipanga kwenye rafu, basi. Nani atajua?"

"Mimi. Na wewe. Watu wanakuletea mageti yao kwa sababu ukisema kiungo kimeshika, kimeshika. Na ya madrasa unayajua kuliko mimi: kasoro inatajwa kabla mnunuzi hajapokea."

"Sijui kama ni kasoro!"

"Basi fungua ujue."

"Nikifungua hanunui. Lisiponunuliwa, sina mashine. Nitachomelea geti kwa mdomo?"

Tukarudi tulipoanzia.

Bahizire alifika Jumamosi, viatu vimejaa tope la mpakani, mwavuli kwapani. Alinawa mikono kabla ya kuigusa katoni. Akauchungulia utepe, akapapasa kona, akatabasamu kama anayeangalia mjukuu.

"Haiyafunguliwa hata siku moja?"

"Hata siku moja," Kamali akasema. Nilimngoja aitaje ile tok. Alikuwa anaangalia kucha zake.

"Papa Bahizire," nikasema, "inagonga ndani. Tikisa usikie. Hatujui ni nini."

Kamali alifumba macho. Mzee akaitikisa. Tok.

"Maman! Kwa nini unaniambia?" mzee akalalamika.

"Ili usituambie kesho kwamba tulikuficha."

"Mi nilikuwa na raha yangu! Sasa nitakuwa naisikia kila siku!" Akaizunguka meza, akaketi, akasimama. "Bon. Nanunua hivi hivi. Lakini hapa muntu asiifungue."

Alimtumia Kamali pesa kwa simu, akaikumbatia katoni na kuteremka kuelekea mpaka wa Rusizi I. Kamali hakungoja hata chai. Alipotea, akarudi kwa pikipiki akiwa amepakata mashine mpya ya kuchomelea ndani ya boksi lake. Akachukua kisu.

"Usifungue," nikamwambia.

"Umeanza na wewe?"

"Duka halipokei kilichofunguliwa. Mzee hajavuka bado; akirudi kudai pesa yake, itabidi mashine irudi dukani. Na pale mpakani nani atamruhusu apite na katoni iliyofungwa, inayogonga, asiyojua ina nini?"

Kisu kilibaki hewani. Hilo hatukuwa tumelifikiria hata mmoja wetu. Kamali aliketi juu ya boksi la mashine yake. Alisimama, akaketi tena. Gasaro akauliza kama wakubwa wote huwa wananunua vitu ili wavikalie.

Simu ikalia. Kamali akanisukumia mimi.

"Maman Gasaro! Wamefungua!" Mzee alikuwa akipiga kelele. "Afisa ananiuliza, Mzee, umebeba nini? Namwambia lori. Kinachogonga je? Namwambia sijui. Anasema, hujui ulichonunua? Akakata utepe, mbele ya bantu bote!"

Kamali alikuwa ameshaanza kulivuta boksi kuelekea mlangoni.

"Pole, Papa," nikasema. "Na ndani?"

Nyuma yake nikasikia watu wanacheka.

"Gurudumu la akiba," akasema. Sauti ilikuwa imeshuka. "Lilitoka kwenye kishikizo chake, njo maana lilikuwa linatembea. Nimelirudisha. Halijavunjika hata kidogo. Maman, milango inafunguka! Iko na usukani, unazunguka! Ngoja, afisa anataka kuliona likitembea."

"Unaturudishia lori?"

"Kurudisha nini? Uliniambia, nikanunua. Ni langu. Ngoja, Maman, ngoja, litaanguka mezani..."

Simu ikakatika. Kamali alisimama mlangoni, mikono yote miwili juu ya boksi.

"Gurudumu la akiba," nikamwambia. "Limekaa sawa."

"Si nilisema? Lori zima kabisa!"

"Ulisema bila kujua. Lete kisu."