Maharage Kumi na Tisa

Mtafiti Clemence alipanda hadi Chome, kijiji cha milimani, kwa bodaboda, akamwamkia Mama Eliakunda, akatandaza mezani picha nne za faida za msitu: maji, kuni, dawa, asali. Akampa maharage ishirini.

"Weka mengi pale msitu unapogusa zaidi maisha yako."

Eliakunda, ambaye wiki nzima hakuhisi njaa wala baridi, aliyachambua kwanza. Akatupa moja lililotobolewa na wadudu, yaliyobaki akayamimina yote juu ya asali.

"Kumbe mama unapenda asali!" Clemence alicheka, akiandika.

"Hata siilambi. Mume wangu alianguka mtini akirina. Tumemzika Jumanne."

Kalamu ikasimama.

Eliakunda akayazoa maharage. "Unarudi nayo, mwanangu, au niyabandike? Niko peke yangu, yatanitosha."