Mfuko Aliokimbia Nao Osée

Moshi mwembamba ulitoka kwenye kaseti ya mchezo wa televisheni, na Osée akang'oa waya wa betri haraka. Akaichomoa kaseti, akainusa. Ilikuwa ile ya mbio za magari, ambayo watoto wa kwao, Iga Barrière, walikuwa wakiigombania mpaka wanakunjana mashati.

"Imekufa?" aliuliza mkewe, Abigaël. Alikuwa upande wa pili wa mbabula, jiko lao la makaa, akishona kwa mkono suruali ya mteja huku maharage yakichemka.

"Hii imekufa. Ingine ziko muzima."

"Mm."

Ile "mm" ilimuuma Osée kuliko tusi. Afadhali angefokewa, yaishe.

Habari ya zile kaseti mtaa mzima unaijua, basi nawe uijue. Asubuhi ile milio ya bunduki iliposogea, Abigaël alimfunga mtoto wao Lydie mgongoni, akajitwika godoro, akamwambia mumewe abebe kitu cha maana. Cherehani yake ilikuwa pale dirishani, mali ya jasho lake. Lakini Osée, miaka na miaka, kila akitoka nyumbani alinyoosha mkono nyuma ya mlango, akachukua mfuko wa kaseti, akaenda kufungua kibanda chake cha michezo. Siku hiyo akili ilikuwa imemruka, na mkono ukafanya kazi uliyoizoea. Walipofika mjini Bunia, Abigaël alifungua mfuko akitafuta nguo za mtoto. Akakuta plastiki tupu, na hata mashine ya kuzichezea imebaki kule. Aliufunga taratibu, akauweka pembeni, na tangu hapo hakuugusa tena.

Waliocheka ni majirani. "Batu banakimbia na chumvi, weye unakimbia na michezo," Mama Alphonsine wa mlango wa pili alimwambia, na kila akipita alilirudia neno hilo asije akalisahau.

Sasa, huku Bunia, sokoni kwenye vyuma chakavu, Osée alikuwa amepata mashine ya michezo ya kizamani, ya kijivu, iliyoachwa na mgeni aliyerudi kwao. Ilikuwa nzima. Shida ni mdomo wake wa kuingizia kaseti: mpana, na kaseti za Osée ni nyembamba, meno yao ya shaba hayalingani. Mwingine angeirudisha. Yeye alitafuta mashine ya Kichina iliyokufa, ya aina inayopokea kaseti zake, akaikata mdomo tu. Kisha akaifungua kaseti moja mbovu iliyokuja na ile ya kijivu, akaitoa ubongo, akaacha meno na kidude kimoja pembeni, maana bila kidude hicho mashine inakukatalia kama askari wa barrière ya barabarani anavyomkatalia asiye na karte ya kitambulisho. Kati ya meno hayo na mdomo ule akaunganisha nyaya, jino kwa jino, kwa chuma chenye ncha alichokipasha moto kwenye mbabula ya mkewe.

Blaise, mchaji simu wa barabarani, alikuwa na televisheni na sola. Alishamwambia: ikicheza, kona ya kibanda changu ni yako. Osée aliitaka ile kona, ndiyo. Ila zaidi alitaka mkewe autazame ule mfuko bila kugeuza uso.

"Nyaya zote ziko sawa," alinung'unika, akikagua mchoro alioufanya kwenye kipande cha katoni. "Nilizipima moja moja. Juu ya nini inaunguza?"

Abigaël alichomeka sindano kwenye ukosi wa blauzi yake. "Leta."

Osée alisita. Alidhani anataka kuitupa motoni. Akampa mchoro pamoja na ule mdomo.

Abigaël akautazama mchoro, akautazama mdomo wa plastiki, akaugeuza, akaugeuza tena. "Hii uliichora ukiangalia wapi?"

"Mbele. Pale kaseti inaingilia."

"Na nyaya uliweka wapi?"

"Nyuma." Akajishika kichwa.

"Uliona? Ukigeuza kitambaa, ya kuume inakuwa ya kushoto. Mwaka yangu ya kwanza ya kushona, nilishonea mutu shati ya mikono mbili ya kuume."

Osée alicheka. Alikuwa hajacheka hivyo tangu Iga, na kicheko kilimtoka na machozi kidogo.

"Usicheke," alisema Abigaël, midomo ikimcheza. "Aliivalaka mpaka kanisani."

Wakazifumua nyaya zote, wakaanza upya. Osée alishika chuma. Mkewe alizipanga nyaya kwa rangi na kuzishikilia mahali pake kwa vidole vilivyozoea tundu la sindano. Maharage yakashika chini ya sufuria, wakayala hivyo hivyo.

Kesho yake mchana, kwa Blaise, Osée alichomeka kaseti. Kioo kikawa cheusi. Kikawa kijivu. Halafu rangi zikaja, na kamuziki kembamba, na watu wa barabarani wakaanza kusogea. Osée alimpa mkewe, aliyekuwa amefuatana naye, kidude cha kuchezea.

Mama Alphonsine naye akafika, mikono kiunoni. "Kumbe njo hizi kaseti zenyewe? Hizi njo bwana yako alikimbiaka nazo, akaacha mashini ya kushona?"

Watu wakageuka. Osée aliinama, akajifanya anakaza waya ambao haukulegea.

"Tulikimbia nazo," alisema Abigaël, macho kwenye kioo. "Siye bawili."

Mama Alphonsine akatafuta pa kukaa.

Kwenye kioo, mtu mdogo mwenye kofia alikuwa amefika ukingoni mwa shimo, akasimama hapo.

"Papa Lydie, kuruka ni wapi?" aliuliza Abigaël.

Osée alisogea, akachuchumaa kando yake, akakishika kidole gumba cha mkewe, akakiweka juu ya kitufe cha kuruka.