Kitenzi Kisichokuwa na Mikono

Mtu anapopoteza shamba bila kuguswa na yeyote, Kifaransa hukiitaje kitendo hicho? Sekela alikuwa akijiuliza hivyo. Alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni mwa jiko la bibi yake, Esnath, huko Matwebe, karatasi tano mapajani na penseli mkononi, huku mvua nyembamba ikinyesha kama ilivyonyesha tangu Jumapili.

Karatasi zile zilikuwa mkataba ulioandikwa kwa Kiingereza. Kampuni ya maparachichi ilitaka shamba la bibi na mashamba kumi na moja yanayopakana nalo, kwa miaka sitini na sita, na wenye kampuni walisoma Kifaransa tu. Sekela alikuwa mwaka wa tatu chuo kikuu akisomea lugha hiyo, na katika kata nzima hapakuwa na mwingine aliyeijua. Aliipokea kazi kwa moyo safi. Aliamini kwamba watu wale wakisomewa ukweli katika lugha ya mama zao, wataona haya.

Kikwazo kilikuwa kitenzi kimoja, "take", kilichojitokeza mara tano. Kiingereza kilikitumia kama kisu cha jikoni, hichohicho kwa kumenya ndizi, kukata kamba na kuchinja kuku. Kifaransa kilidai kisu chake kwa kila kazi.

Katika sentensi ya kwanza aliandika "prendre". Jembe lililoegemezwa ukutani likatoweka.

"Umeandika nini?" bibi aliuliza bila kuacha kumenya ndizi.

"Kuchukua tu, bibi. Kwa jumla."

"Basi limechukuliwa."

Sentensi ya pili ilihusu mifugo, na kwa kiumbe chenye miguu yake neno ni "emmener". Ng'ombe wa maziwa akainuka bandani, akasukuma kilango kwa kifua na kuteremka barabarani, shingo imenyooshwa mbele kama ya ng'ombe anayevutwa kwa kamba. Kamba haikuwapo. Punde jirani yao Meshaki akapita na mzigo wa majani kichwani, akasalimia.

"Mugonile, mama! Nimepishana na ng'ombe wako kule chini. Ana haraka kama bibi harusi aliyechelewa."

"Ameandikwa," bibi alijibu.

"Ahaa. Basi wangu nikamfunge vizuri."

"Kamba haisaidii, baba. Labda ujifunze kusoma."

Meshaki akacheka kidogo, akaenda zake.

Sentensi ya tatu ilitaka "emporter", neno la vitu vinavyobebwa na kupelekwa mbali. Migomba ikang'oka shina baada ya shina, na udongo wake na machipukizi yake, ikapita wima juu ya ua kuelekea upande ng'ombe alikokwenda. Ya nne ilisema vizuizi vyote vitaondolewa, naye akaandika "enlever". Msalaba wa saruji ukaondoka juu ya kaburi la babu Asajile, aliyezikwa pale nyumbani kati ya migomba, kama walivyozikwa baba yake na babu yake.

Hapo bibi akaweka kisu chini.

"Asajile naye ni kizuizi?"

Sekela akachukua kifutio, akalifuta neno hadi karatasi ikawa nyeupe. Msalaba haukurudi. Kifutio kiliweza maneno tu.

Ilibaki sentensi ya tano: wakulima waliotia alama hapa chini wamelipokea pendekezo la kampuni kwa hiari. Akaandika "accepter". Wakangoja. Kuku aliendelea kuparua majivu. Akaliandika tena, kwa kalamu ya wino safari hii. Hakuna kilichosogea.

"Hilo halina mikono," bibi alisema. "Halijawahi kufika hapa."

"Lakini dole gumba lako hili hapa, bibi."

Esnath akaitazama ile alama ya bluu kwa muda mrefu. Kila asubuhi, kwa miaka ishirini, alimimina maziwa kwenye kituo cha kukusanyia, akagusa wino, akaweka dole kwenye daftari na kuondoka. Asubuhi moja mwezi uliopita palikuwa na madaftari mawili mezani, la pili lenye jalada jekundu, na ukurasa wake ndio huu uliokuwa sasa mapajani mwa Sekela.

"Nilidhani ni la maziwa ya jioni," alisema. "Sote tulidhani hivyo. Mkono unajua njia, mwanangu. Hauulizi."

Saa tisa alasiri akafika Nelson, wakala wa kampuni, kwa pikipiki. Alipita kando ya mashimo ya migomba, akasoma tafsiri akiwa amesimama. Alipofika kwenye "accepter" akatabasamu.

"Safi sana, dada. Hili ndilo tunalotaka. Tia saini hapo chini kwamba tafsiri ni sahihi."

"Neno hilo halikusogeza kitu, kaka Nelson. Tumengoja."

"Najua. Hata kule kijiji cha juu lilikataa. Huwa halisogezi kitu." Akamnyooshea kalamu. "Saini tu."

"Walidanganywa kwa daftari."

"Wewe umeombwa kutafsiri, hukuombwa kuhukumu. Kuna kijana Mbeya, Kifaransa chake amekiokota Lubumbashi. Atamaliza kabla ya jioni."

Sekela hakuipokea kalamu. Nelson akazikunja karatasi, akamuaga bibi kwa heshima zote, akaondoka.

Kijana wa Mbeya alikuwa mchapakazi. Ilipotimu saa kumi na moja, mashamba yale mengine kumi na moja yakaanza kuondoka, la Meshaki likitangulia, ng'ombe mbele na migomba nyuma. Watu wakasimama kando ya barabara kuyapisha.

Asubuhi iliyofuata wakulima kumi na wawili walipanga foleni kituoni na ndoo tupu, kwa kuwa ndiyo saa yao ya kupanga foleni. Mezani palikuwa na kidau cha wino, daftari la maziwa, na pembeni daftari jipya, la kijani. Meshaki alikuwa ameshachovya dole. Sekela akapita mbele ya foleni, akaufunika wino kwa kiganja.

"Chuo kinafunguliwa Jumatatu," alisema. "Mimi sirudi. Nitakuwa hapa kila asubuhi, na hakuna atakayeweka dole kwenye daftari ambalo sijawasomea kwa sauti."