Breki ya Akiba

Ifahamike kwa umma wote, kwa waliopo na watakaozaliwa, kwamba katika historia ndefu ya safari za binadamu, kuanzia miguu hadi roketi, hakuna chombo kilichowahi kuegeshwa kwa heshima kama gari la Mjomba. Tatizo ni kwamba halikukaa lilipoegeshwa.

Lilikuwa otomatiki la zamani, rangi ya maziwa yaliyoanza kuchacha, na lilimtangulia mkewe ndani ya nyumba ile. Ndiyo maana mtaa mzima uliliita Bi Mkubwa. Mkewe alikuwa mwalimu wa hesabu, hapendi utani wa jumla wala wa rejareja, na alikwisha kutamka mara nyingi kwamba hawezi kuwa bi mdogo wa bati.

Nyumba ilikaa juu ya mteremko. Kila aliporudi, Mjomba alilisogeza gari pembeni mwa barabara, pua ikitazama chini, akasukuma gia hadi kwenye P, herufi ya kuegeshea, akaachia mguu. Gari lilijivuta kidogo, kitu kikalidaka ndani, kak, kama mzee aliyeng'ata mfupa bila kutarajia. Kisha Mjomba alishuka na kufunga mlango kwa vidole viwili. Breki ya mkono hakuigusa.

Si kwamba alikuwa haijui. Aliijua sana, na ndiyo sababu aliiweka akiba. Mjomba alikuwa mtu wa akiba. Makochi yake yalikuwa bado na nailoni za dukani, ukikaa yanalia, ukiinuka unayaachia ngozi. Sahani nzuri zilikuwa kabatini zikimsubiri mgeni wa maana, na miaka yote hiyo wageni wote walikuwa wa kawaida tu.

"Breki ya mkono ni ya dharura," alimweleza mpwa wake, aliyekuja likizo kutoka shule ya bweni, msichana mtulivu, mnyenyekevu, ambaye walimu wake walikosa neno la kumweleza. "Ukiivuta kila siku inachoka. Siku ya dharura unaikuta hoi. P inatosha. Waliotengeneza hili gari walisoma."

"Na P ikikataa, Mjomba?"

"Herufi haikatai."

Wiki hiyohiyo herufi ilikataa. Bi Mkubwa aliteremka peke yake, taratibu, kama anakwenda kuazima chumvi, akasimama ameliziba lango la jirani, mshona nguo. Jirani alikaa ndani asubuhi nzima na suruali za watu. Mshona nguo alikuwa mpole. Mke wa Mjomba hakuwa.

"Mzee, nisikilize," alisema, chaki ya tuisheni bado iko vidoleni. "Likitembea tena bila dereva, nampigia mtu wa vyuma chakavu. Na nitaweka kiti hapa nimtazame anavyolikata."

"Mwalimu, usiseme hivyo mbele yake."

"Mbele ya nani?"

Jicho lilimponyoka Mjomba likaelekea kwenye gari.

Mtu mwingine, baada ya kitisho kama hicho, angevuta breki ya mkono. Mjomba alitafuta tofali. Lilikuwa tofali jekundu la kuchomwa, zito, lenye adabu. Kila alipoegesha alilibeba kwa mikono miwili, akalikabidhi kwa gurudumu la mbele, akarudi nyuma hatua chache na kulitazama kama mtu aliyepandisha bendera. Kabla ya kuondoka alilirudisha barazani na kulifunika kitambaa. Na kwa kuwa kiuno kilianza kulalamika, akaanza na mazoezi: chupa mbili za maji, moja kila mkono, mbele ya dirisha, akihesabu kwa sauti na kuruka namba zilizomchosha.

Siku chache baadaye tofali likawa jepesi.

Alilinyanyua kwa mkono mmoja. Akasita. Akalinyanyua kwa vidole vitatu. Kisha akalishusha polepole na kuukunja mkono wake wa kulia, akaubonyeza juu ya kiwiko kama anapima embe kama limeiva.

"Unaona, mpwa? Mazoezi hayamtupi mtu."

"Naona, Mjomba," alisema yule msichana mtulivu, akapatwa na kikohozi kilichomlazimu kwenda chumbani.

Kuanzia siku hiyo Mjomba alitembea kifua mbele. Alipomsalimia mshona nguo alimshika mkono kwa uangalifu, asije akauvunja.

Jumapili alasiri Mwalimu alikuwa barazani akisahihisha madaftari, na Mjomba alikuwa kwenye ukuta wa jirani akieleza siri ya misuli. Fundi mwashi, aliyekuwa akimjengea mshona nguo banda huko chini, alikuwa amejilaza kivulini kando ya rundo lake la mchanga. Ndipo ikasikika kak. Halafu kakakaka, kama mtu anayekwangua ukoko wa sufuria.

Bi Mkubwa alikuwa anaondoka. Gurudumu lilifika kwenye tofali, na tofali likainama kwa heshima, likampisha.

Mjomba alitimua mbio na kandambili zake, moja ikabaki njiani. Alilifikia gari, akafungua mlango, akaruka ndani. Breki ya mguu ilikuwa palepale, chini ya unyayo wake, ikimsubiri. Lakini mtu aliyeweka akiba miaka yote ile hafikirii mguu. Dharura ilikuwa imefika, nayo ilikuwa nzuri kuliko alivyoiota. Akashika breki ya mkono, akavuta.

Ilipanda juu bila ubishi wowote, kama mkono wa mwanafunzi anayejua jibu. Gari likaendelea. Akavuta tena kwa misuli yake mipya, na safari hii ikaja yote, na kipande cha waya chenye kutu kikining'inia kama mkia wa panya.

Fundi mwashi aliinuka na kusogea. Bi Mkubwa akaingiza pua kwenye mchanga, akashusha pumzi, akatulia. Mjomba alishuka ameishika breki mkononi.

"Nimeivuta," alisema.

"Naona," alisema fundi mwashi. "Sasa irudishe."

Makanika aliitwa. Alilala chini ya gari muda mrefu, akatoka na uso wa mtu anayetoa pole.

"Hii breki ya mkono ilivutwa lini mara ya mwisho?"

"Haijawahi kuvutwa. Ni mpya kabisa."

"Mpya imeoza, mzee. Waya usiovutwa kutu inaushika hukohuko uliko. Na kwenye P, ndani mle kuna kijino cha chuma, kidogo kama hiki kidole changu cha mwisho. Wewe kila siku unaliachia gari zima likining'inie hapo, mlimani. Kwanza unavuta ya mkono, ibebe uzito, ndipo uachie mguu. Kijino ni msaidizi. Umemgeuza mchukuzi."

Mwalimu alikwisha kutoa simu. Ilikuwa inaita.

"Mwalimu, tafadhali," alisema Mjomba, na sauti yake haikuwa na misuli tena. "Tofali niliweka. Naapa. Kwa mkono huu."

"Kama uliweka na bado limetembea, basi lina shetani. Shetani namuuza kwa kilo."

Hapo fundi mwashi akaja na tofali aliloliokota barabarani. Lilikuwa bapa, lina alama ya tairi mgongoni. Wote wakiliangalia, likaanza kufura kiganjani mwake, taratibu, likarudi kuwa tofali.

Mwalimu akalibonyeza. Likabonyea.

"Sponji," alisema.

Mjomba hakulitazama tofali. Aliutazama mkono wake wa kulia.

Mwalimu aliingia chumba cha wageni, akafunua shuka, akatoka. "Godoro lina shimo la mstatili. Ndiyo maana wiki hii mtu analala kiubavu. Nionyeshe kucha."

Na sasa msimulizi wa habari hii, baada ya kutafakari kwa kina na kukosa pa kukimbilia, anapenda kuutangazia umma kwamba yule msichana mtulivu, mnyenyekevu, ni mimi. Kucha zilikuwa nyekundu. Rangi ya mlango niliyopakia sponji haitoki kirahisi.

"Kungekuwa na mtoto anacheza pale kwenye mchanga," aliniuliza Mwalimu, "leo ungesema nini?"

Kwenye simu mtu wa vyuma alikuwa akisema haloo, haloo, na Mjomba amesimama mguu mmoja peku, breki mkononi, akingoja nimuokoe au nimzike.

"Gari halina kosa, Mama," nilisema. "Hata P ingekataa, tofali la kweli lingelizuia. Nililitoa mimi. Liko chini ya kitanda."

Aliitazama simu, akaikata. "Waya mpya wa breki utausubiri kwa makanika wewe, na utalala kwenye hilo shimo mpaka shule ifunguliwe. Na wewe Mzee, kuanzia leo unaivuta kila unaposimama. Hata ukisimama kupiga chafya."

Mjomba alikubali kwa kichwa. Kisha akanisogelea, akaniuliza kwa sauti ya chini, wengine wasisikie.

"Lakini zile chupa za maji, mpwa. Zile kweli zilikuwa zinazidi kuwa nyepesi?"

Nikayatazama macho yake, nikashindwa kumdanganya.

"Nilikuwa nazipunguza maji, Mjomba."